Daftari la Japani la Mama Kibet

Nyumba yetu na ya Mama Kibet zimeshikana ukuta. Huku Ulaya, mtaani Winson Green, nyumba nyingi ziko hivyo, ukikohoa kwako jirani anakwambia pole. Jina lake ni Kwamboka, Mkisii wa Kenya. Kazi yake ni kuhudumia wazee kule Moseley, kwenye zile nyumba kubwa za zamani. Anakwenda asubuhi na mapema kuwaamsha, kuwaosha, kuwavisha soksi. Mume wake, Bethuel, ni Mkalenjin, muuguzi wa hospitali. Wana watoto wawili: Kibet wa miaka mitano, na kadogo ka miaka miwili kanakoitwa Gertrude, jina la bibi yake mzaa baba.

Mimi ni Jeannine. Nilisoma mpaka darasa la sita, kambini Tanzania, tulipokuwa tumekimbia kwetu Fizi, Kongo. Kiingereza nasikia, lakini kukisoma ni kazi nyingine. Barua ikiingia mlangoni, ya shule au ya kaunsili ya mji, nilikuwa naipeleka kwa Kwamboka kabla mume wangu Léopold hajarudi kutoka kazini. Alikuwa anaisoma amesimama, mkono mmoja unageuza chapati, kisha ananiambia kwa maneno mawili: "Hii tupa. Hii weka saini hapa." Hakuwahi kuniuliza chochote juu ya jambo hilo. Mimi nami nilikuwa nawashika watoto wake asubuhi. Nawapeleka Kibet na binti yangu Sagesse shuleni, kisha nabaki na Gertrude mpaka saa sita mama yake anaporudi.

Nimetaka kuandika habari zake kwa sababu watu wa kanisani kwetu wanamjua kwa safari ya Japani tu, na mdomo uliofanya wamjue hivyo ni wangu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alirudi mchana kumchukua Gertrude, akanivuta mkono tukaingia jikoni kwake.

"Mama Sagesse, keti. Nikuonyeshe kitu, lakini usicheke."

Akatoa daftari la shule, lenye gamba jekundu. Kila ukurasa ulikuwa siku moja ya safari, na kila siku ilikuwa imechorwa kwa kalamu za rangi za Kibet. Aliichora ili mtoto aelewe wanakwenda wapi, asije akashtuka. Ndege na watu wanne. Gari moshi lenye pua ndefu kama bata. Jozi nne za viatu zimeachwa mlangoni, mbili kubwa, mbili ndogo. Godoro limetandikwa chini. Paa wanatembea bustanini na watu bila kuogopa. Mwisho wa kila ukurasa alikuwa amechora vitu vya kubeba siku hiyo: nepi, dawa ya homa, kigari cha mtoto kile kinachokunjika.

Niligeuza kurasa zote. Lilichorwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano, na mimi mama mzima nililisoma lote bila kusaidiwa. Nilifurahi sana. Baadaye ndipo nilipoona aibu ya kufurahi hivyo.

"Japani?" nikasema. "Muna ndugu kule?"

"Hatuna. Ndiyo maana."

Nikafika ukurasa mmoja ambao haukuwa na kitu ila nyuso nne zimefumba macho. "Na siku hii hakuna kwenda?"

"Hiyo ni ya kulala. Saa za huko ziko mbele, hawa watoto watakuwa wanaamka wakitaka uji wakati watu wamelala. Usipopanga siku ya kulala na watoto wadogo, mnaenda kugombana na bwana yako Japani. Na kugombana si tunaweza hapa hapa bure."

"Na mutalala chini kweli?"

"Ati ndiyo desturi yao."

"Mama Kibet, mimi nililala chini miaka tisa kambini, na hakuna mutu aliniomba tiketi."

Tulicheka mpaka Gertrude naye akacheka bila kujua sababu. Akaniambia pia kwamba kule watu huoga pamoja kwenye maji ya moto, uchi wa mnyama, wanawake upande wao. "Mimi niwaoshe wazee mwaka mzima," akasema, "halafu niende likizo kuoga na watu sijui hata majina yao. Hiyo nimeipitishia kalamu."

Kisha akawa mpole. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya daftari.

"Nikuambie ukweli. Sijawahi kwenda mahali ambapo hakuna mtu ananingoja. Nilipokuwa nikienda nyumbani kabla ya hawa watoto, natoka kwa ndege naingia jikoni. Huyu ana matanga, yule ana harusi, shangazi anataka nilale kwake siku mbili ama atakasirika. Hapa nako ni wazee. Nataka wiki mbili tu, Jeannine. Wiki mbili nitembee barabarani na watoto wangu, na hakuna hata mtu mmoja anajua mimi ni mke wa nani."

Aliyasema hayo akiangalia chini, kama mtu anayekiri wizi.

"Sasa usimwambie mtu. Mama yake Bethuel hajaona hawa watoto isipokuwa kwa simu. Huyu amepewa jina lake na hajamshika." Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Palikuwa na nyumba ya mabati mekundu, ng'ombe, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani amefungua mikono. "Hii ni Disemba ya mwaka ujao. Bethuel anangoja wampe likizo kazini. Wakimpa tarehe, nitamwambia mama safari zote mbili pamoja, tunaenda Japani wakati wa Pasaka, tunakuja kwako Disemba. Akisikia Japani peke yake, nitaonekana mtu gani?"

"Hakuna mutu atasikia," nikasema.

"Na ufunguo nitakuachia wewe. Utaninyweshea sukuma wiki yangu kwa zile ndoo za nyuma, na miche ya mboga ya managu hapa dirishani."

Tangu siku hiyo tukawa tunawafundisha watoto safari. Viatu vilivuliwa mlangoni. Kibet alijifunza kula tambi kwa vijiti, na zilizoanguka Gertrude alizila kutoka sakafuni. Kwa kuwa Kwamboka alisikia kwamba ndani ya magari moshi ya kule watu hawapigi kelele, Jumamosi moja tuliwapandisha wote kwenye tramu kutoka Winson Green mpaka Wolverhampton, mashindano yakiwa ni ya kunyamaza. Sagesse wangu alishindwa baada ya vituo viwili. Kibet alikaa mikono magotini kama mchungaji. Nilipomuuliza kama anataka biskuti akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake kwamba ninyamaze, tuko Japani.

Hayo yote nilikuwa nayo moyoni miezi mitatu. Kwa mtu ambaye hana habari zake mwenyewe, ni mzigo.

Wamama wa kanisa letu tunakutana kila Alhamisi kwa mama mchungaji, Mama Mireille, kule Castle Vale. Tunakaa mduara, na kila mmoja anatoa ombi lake. Mwenye mtoto mgonjwa anamtaja mtoto, mwenye kesi ya makaratasi anataja kesi, tunaomba. Wengine wana maombi makubwa ya kutetemesha nyumba. Mimi kila wiki nilikuwa nasema, "Mungu ni mwema, sina," na Mama Mireille anapita kwa mwenzangu haraka, kama mtu anayeruka kidimbwi.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili alipofika kwangu, nilisikia mdomo wangu unasema, "Mimi nina ombi, lakini si langu. Ni la dada mumoja Mukenya. Jina sitalitaja. Anasafiri na watoto wadogo mbali sana, mpaka Japani."

"Japani," wakasema wote. Mmoja akavuta kiti karibu.

Wakaniuliza, nikajibu. Niliwaeleza gari moshi lenye pua, paa wa bustanini, godoro la chini, hata yale maji ya moto, na wamama wakashika vinywa. Mama Mireille mwenyewe akasema, "Ongeza, Jeannine." Nilifungua daftari zima la mwenzangu pale sebuleni, ukurasa kwa ukurasa. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu. Nikajiambia kwamba jina sikulitaja, kama vile kuna mwingine yeyote kati yetu mwenye jirani Mkenya mwenye watoto wawili, ambaye amekula wali nao nyumbani kwangu katika kila sikukuu ya kuzaliwa ya Sagesse.

Sasa, Mama Mireille ana desturi yake. Sala ya mwisho huirekodi kwa simu, halafu huituma kwenye kundi letu la Watsapu, ili wamama walio kazini nao waombe pamoja nasi. Wengi wetu kusoma ni shida, sauti inatufaa. Nilikuwa naijua desturi hiyo vizuri. Na siku hiyo nilifumba macho, nikamsikia anaomba kwa nguvu, "Tunamukumbuka Mama Kibet, jirani ya Jeannine, na mume wake Bethuel, na watoto wao. Bwana tangulia mbele katika safari yao ndefu." Nikasema amina.

Katika kundi hilo kuna mama mmoja Mkenya, ameolewa na ndugu yetu. Kwao ni sehemu zile zile za kina Bethuel. Alituma ile sala kwa dada yake nyumbani, jirani ya mama yake Bethuel, kwa mapenzi tu, wafurahi kwamba watu wao wanaombewa Ulaya.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Kwamboka, nampa Gertrude uji. Bethuel alikuwa mezani. Simu ikalia, ni mama yake. Akaiweka spika ili watoto wamsalimie. Kwa kawaida huongea Kikalenjin na mwanawe, lakini siku hiyo alitumia Kiswahili, ili mke wa mwanawe asikie.

"Bethuel, nimesikia wameomba kwa ajili ya safari yenu. Sauti imekuja kwa simu ya jirani, mwanamke fulani anaomba kama radi. Nikasema asante Mungu. Nikatoa lile godoro la chumba cha nje, nikalianika. Nikanunulia kijana gambuti, kwa sababu huku ni matope. Sijui mguu wake. Nilipima kwa mtoto wa jirani."

Kibet alikuwa ameinua mguu wake, anautazama.

"Sasa leo jirani amepigiwa na dada yake, anasema si huku mnakuja. Anasema ni Japani. Kwani Japani kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama," Bethuel akasema.

"Haya. Wacha nirudishe godoro ndani, mvua inakuja."

Simu ikakatika. Bethuel akasimama, akaketi tena. "Hatuendi. Nitampigia nimwambie tunaenda kwake."

"Na tiketi ya Japani?" Kwamboka akauliza. "Utamwambia rubani apinde kona?"

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha. Disemba hujapewa bado. Utamwahidi nini?"

"Ni nani amemwambia?"

"Sijui," akasema Kwamboka. "Mimi nimeambia mtu mmoja tu." Na hakugeuka kunitazama. Aliendelea kupangusa meza mahali palipokuwa safi.

Mimi nilishikilia kijiko. Gertrude alikuwa amefungua mdomo anangoja. Ningeweza kusema pale pale, maneno mawili tu. Nikamaliza kumpa uji, nikaosha kikombe, nikaaga vizuri, nikatoka.

Siku tatu aliniletea mtoto asubuhi kama kawaida. "Uji ameshakunywa," anasema, ananipa mfuko wa nepi, anakwenda. Hakukaa. Ukutani sikusikia kicheko. Siku ya pili ikaja barua ya shule, nikaitazama, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. Sagesse akasema anaweza kunisomea. Nikamfokea, mtoto wa miaka saba ambaye hakunikosea kitu, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Jumatano, Kwamboka alipokuja saa sita kumchukua Gertrude, nilimwambia aingie. Akasimama mlangoni.

"Yaya, dada yangu, ni mimi," nikasema. "Nilisema kwenye maombi. Jina sikutaja, lakini—"

"Najua ni wewe. Nilijua siku ile ile. Ulishika kijiko mpaka uji ukaganda."

"Nilitaka wakuombee."

Ndiyo, nilisema hivyo. Hata katika kukiri nilisema uongo. Alinitazama, na niliona kwamba hiyo nayo anaijua.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka na mimi nikuwe na kitu ya kusema."

Akaingia, akaketi kwenye mkono wa kiti, koti mwilini. "Unajua, mimi sikutaka kuombewa. Nilitaka kwenda tu. Sasa kijiji kizima kinajua, kanisa lenu linajua, mama analala akifikiria gambuti. Hata nikienda, nitakuwa nimeenda wapi?"

Nikamwomba namba ya mama mkwe wake, nimwombe msamaha mwenyewe. Kwetu kosa la namna hiyo huwezi kulituma kwa mtu mwingine. Akanipa.

"Omba msamaha wako. Lakini Disemba usiiguse. Hiyo nitasema mimi."

Kuandika siwezi vizuri, kwa hiyo nilirekodi sauti. Nilirekodi mara saba. Mara ya kwanza Disemba ilinitoka mdomoni yenyewe, kwa sababu niliona ingemfariji mama wa watu. Nikaifuta. Nikaogopa mdomo wangu. Mwishowe nilimwambia tu kwamba mimi ndiye niliyetoa siri ya mwanawe, kwamba Kwamboka hakufanya kosa, na kwamba Kibet anavaa viatu vya watoto namba kumi na moja.

Kabla hajaondoka siku ile, Kwamboka alikuwa amenyoosha mkono. "Leta hiyo barua. Kibet amesema mlipewa barua." Nikaitoa chini ya kitambaa. Akaisoma amesimama. "Ni ya chawa. Mwangalie nywele." Nililia, na si kwa sababu ya chawa.

Jioni ile ile alipiga picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari, ile nyumba ya mabati mekundu, akamtumia mama mkwe, akampigia wakaongea saa nzima nyuma ya ukuta wetu. Disemba ilikuwa bado haina tarehe, na alimwambia hivyo hivyo, haina tarehe. Bethuel hakuzungumza tena juu ya kutokwenda.

Mimi nilijibiwa baada ya siku mbili. "Wewe ndiye yule Mkongo? Usilie kwa simu, inamaliza bando. Kama mdomo wako ungekuwa mdogo, ningejua haya mambo watoto wakiwa tayari na tarehe, na gambuti ningenunua ya kumtosha. Sasa nitampa akikua. Godoro limeshapigwa jua. Litangoja."

Alinisamehe kwa kicheko. Ningependa angenigombeza.

Waliondoka wiki ya Pasaka, asubuhi. Niliwaona kutoka dirishani: mabegi mawili tu, kigari kimekunjwa, Gertrude mgongoni mwa mama yake. Kibet aliniona, akaweka kidole mdomoni. Sikuwa nimeitwa kushika mtoto wala kubeba begi. Ufunguo nilijua haujaja kwangu, ila sikujua uko kwa nani, mpaka saa nne nilipomwona mzee Harbhajan wa nyumba ya tatu amesimama mbele ya mlango wao, kilemba chake cha buluu, jagi mkononi.

"Sister," akaniita, "haya majani yananyweshwa kila siku?"

Nilimweleza kwa Kiingereza changu. Zile za ndoo, siku moja ndiyo siku moja hapana. Miche ya dirishani kidogo kidogo, isizame.

"Njoo unionyeshe," akasema, akaufungua mlango wazi. "Wewe unajua kuliko mimi."

Niliiona ile sakafu ya jikoni, kiti changu, daftari halipo juu ya meza. "Hapana," nikamwambia, "ufunguo ni wako." Kwa wiki mbili alikuwa ananiuliza, na mimi namjibu nikiwa nje ya geti.

Waliporudi Kwamboka alinipitia mlangoni akiwa na pakiti ya chai ya kijani kwa ajili yangu na penseli yenye paa kichwani kwa ajili ya Sagesse. Alikuwa amenawiri. Alinieleza jinsi Gertrude alivyolala kwenye kila gari moshi na kuamka kwenye kila hoteli. Nikamuuliza, nikijua sipaswi kuuliza, kama alipumzika.

"Kila jioni mama alipiga," akasema. "Mmefika wapi, wamekula nini, hao paa hawaumi? Na mama mchungaji wenu naye kanitumia sala kila asubuhi, sijui namba alitoa wapi. Nilisafiri na watu wote kwa mfuko." Alikuwa anacheka. "Ila ile siku ya kulala, simu ilizima chaji na Bethuel yake aliisahau kwa begi. Tuliamka saa saba mchana. Tukavaa viatu, tukatembea mpaka dukani kununua wali ule wa kufinyangwa, tukaula kwa ngazi ya mtu. Hakuna aliyetuuliza kitu. Hiyo moja niliipata."

Nilicheka naye. Kisha nikamshukuru kwa chai, nikafunga mlango, nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeviosha asubuhi. Ukutani nilimsikia anawaambia watoto wavue viatu. Siku moja kati ya kumi na nne.